Kuvaa Drafti Katika Kiangazi cha Dodoma: Mwongozo Kamili Kuanzia Dukani Hadi Kwenye Kamba ya Kuanikia

Kila ifikapo mwezi Juni, picha za mitindo ya kiangazi kutoka Ulaya na Marekani hujaa kwenye simu zetu, na ndani yake nguo za drafti, yaani za kitambaa cha miraba, hazikosekani: magauni yenye mikanda myembamba mabegani, kaptula fupi, blauzi zinazoacha mgongo wazi. Mwezi huo huo Dodoma iko katika kipupwe, upepo unavuma kutwa, na alfajiri joto hushuka hadi takriban nyuzi 13 au 14 za Selsiasi. Joto letu huja baadaye, kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza za Desemba, na kati ya Oktoba na Novemba mchana hufikia takriban nyuzi 31. Mtu anayeziiga picha zile bila kuzipima kwa hali ya hewa ya hapa hukosea mara mbili, kwa sababu huvaa nguo nyepesi wakati wa baridi, na joto linapofika hujikuta amevaa nguo iliyobuniwa kwa ajili ya watu wanaolitafuta jua, ilhali sisi tunatafuta kivuli.

Ninaamini kwa dhati kwamba drafti ya pamba ni miongoni mwa vitambaa vinavyofaa zaidi kwa kiangazi cha katikati ya Tanzania, mradi ishonwe ili kumfunika mvaaji na kumpa hewa kwa wakati mmoja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufika hapo hatua kwa hatua, kuanzia kulielewa joto lenyewe, kuchagua kitambaa, kuzungumza na fundi, kuipanga nguo na nyingine, hadi kuitunza isipauke kabla ya wakati wake.

Hatua ya kwanza: Lielewe joto unalolivalia

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na uko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi, na sehemu za mwili zinazopigwa zaidi ni kichwa, mabega, sehemu ya nyuma ya shingo na juu ya mikono. Gauni linaloacha mabega wazi linaziacha bila kinga sehemu zile zile ambazo jua la hapa huzilenga.

Jambo la pili ni ukavu wa hewa. Jasho hukauka upesi sana, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Msafiri anayeshuka kwenye treni ya mwendokasi akitokea Dar es Salaam huiona tofauti hiyo saa ile ile: kule hewa imejaa unyevu, shati hulowa na kubaki limelowa, lakini hapa shati la pamba linalonyonya jasho hukauka likiwa mwilini na kumpoza aliyelivaa. Nguo ya mikono mirefu iliyo pana, ya pamba nyepesi, huweka kivuli juu ya ngozi na kuruhusu upepo kupita chini yake, kwa hiyo humpoza mvaaji kuliko mikono iliyo wazi juani. Wafugaji wa nchi hii kavu wamejifunika mashuka na migolole kwa muda mrefu bila kusubiri kuelezwa na mtu.

Upepo na vumbi ni sehemu ya hesabu hiyo hiyo. Upepo wa Dodoma hauulizi kama sketi ni nyepesi, na vumbi lake hutua juu ya kila kilicho cheupe. Mambo haya mawili yatarudi tutakapofika kwenye pindo, rangi na ufuaji.

Hatua ya pili: Tambua drafti ya kweli na jamaa zake

Drafti inayozungumzwa hapa ni ile ya rangi mbili, kwa kawaida nyeupe na rangi nyingine moja, yenye miraba iliyo sawa pande zote, ambayo wauzaji wa nje huiita ginghamu. Hufumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, hupangwa kwa mafungu ya rangi na meupe. Nyuzi za mshindio, zile zinazokatisha, hupangwa vivyo hivyo. Panapokutana rangi na rangi hupatikana mraba uliokolea, panapokutana nyeupe na nyeupe hupatikana mraba mweupe, na panapokutana rangi na nyeupe hupatikana mraba wa rangi ya katikati. Ufumaji wake ni ule wa kawaida, uzi mmoja juu na mmoja chini, na ndiyo maana kitambaa huwa chepesi, hupitisha hewa na hufanana mbele na nyuma.

Viwanda vya Manchester nchini Uingereza vilikuwa vikifuma kitambaa hiki katika karne ya 18. Wafaransa wamekipa jina la mji wao wa Vichy, na mwaka 1959 mwigizaji Brigitte Bardot alifunga ndoa akiwa amevaa gauni la drafti ya waridi na nyeupe lililobuniwa na Jacques Esterel. Tukio hilo lina faida kwa msomaji wa leo, kwa kuwa linaonyesha kwamba kitambaa cha bei ya kawaida, kikikatwa vizuri, kinaweza kuvaliwa hata siku ambayo watu wengine huvaa hariri.

Jamaa zake ni wengi na si wote wanaofaa kiangazi. Madrasi, iliyopewa jina la zamani la mji wa Chennai nchini India, ni ya pamba nyepesi yenye miraba ya rangi nyingi isiyolingana, na ni nzuri sana kwa joto. Drafti ya mistari myembamba kwenye uwanja mweupe, inayoitwa tattersall kutokana na soko la farasi la London, inafaa mashati ya ofisini. Tartani ya Uskochi kwa asili ni ya sufu, na inastahili kuachiwa Juni na Julai. Shuka la Kimasai, ambalo kwa watu wengi wa kanda hii ndilo drafti la kwanza walilolifahamu, siku hizi mara nyingi hufumwa kwa nyuzi za akriliki. Hilo ni zuri la kujifunika asubuhi ya kipupwe, lakini ukilishonea gauni la Novemba utateseka.

Hatua ya tatu: Kipime kitambaa kabla ya kutoa fedha

Iwe unanunua kwenye maduka ya vitambaa ya katikati ya mji, Soko la Majengo au Sabasaba, usinunue kitambaa kwa kukitazama kwa mbali. Kigeuze kwanza. Kama upande wa nyuma una rangi iliyofifia au ni mweupe, drafti hiyo imechapwa juu ya kitambaa, haikufumwa. Drafti ya kuchapwa si haramu, lakini ina kasoro moja kubwa: mara nyingi mistari yake haifuati nyuzi, na fundi akikata kwa kufuata nyuzi, miraba hupanda upande mmoja, akikata kwa kufuata miraba, nguo hujipinda baada ya kufuliwa. Chomoa uzi mmoja kwenye ncha. Katika drafti ya kufumwa, uzi wa mtande utakuwa wa rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Baada ya hapo chunguza kama ni pamba. Dondosha tone la maji: pamba hulinyonya, ingawa kitambaa kipya chenye dawa ya kiwandani kinaweza kuchelewa kidogo, lakini poliesta huliacha likae juu au liteleze. Ukiruhusiwa kuchukua nyuzi mbili tatu, zichome kwa kiberiti mahali salama. Pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa cha mchanganyiko hufanya yote mawili. Mchanganyiko wenye pamba nyingi unakubalika kwa shati la ofisini kwa kuwa haujikunji sana, lakini kwa gauni la kuvaliwa kutwa nzima juani nashauri pamba tupu.

Hatimaye kiinue kwenye mwanga na uweke kiganja chako nyuma yake. Ukiona vidole vyote waziwazi, kitahitaji bitana, yaani kitambaa cha ndani. Pamba ya gramu 100 hadi 130 kwa mita ya mraba ndiyo inayofaa zaidi. Chini ya hapo huonyesha maungo, na juu zaidi ya hapo huanza kuwa kitambaa cha suruali. Muuzaji wa rejareja huenda asijue gramu, kwa hiyo kiganja chako ndicho kipimo.

Hatua ya nne: Chagua ukubwa wa mraba kabla ya rangi

Wanunuzi wengi huanza na rangi. Mimi nashauri uanze na ukubwa wa mraba, kwa sababu ndio unaoamua nguo itaonekanaje kwa mtu aliye hatua kumi mbele yako, na ndio unaoitofautisha nguo ya mtu mzima na sare ya mtoto wa chekechea.

Miraba ya milimita 3 hivi, kwa mbali huungana na kuonekana kama rangi moja iliyopoa. Hiyo ndiyo ya mashati rasmi, na ndiyo inayokubali tai bila ugomvi. Ina tahadhari moja ambayo katika mji wenye Bunge na mikutano mingi ya video si ndogo: miraba midogo sana hutoa mawimbi yanayochezacheza kwenye kamera. Anayejua kwamba siku hiyo atasimama mbele ya kamera avae rangi moja au miraba mikubwa zaidi.

Miraba ya robo inchi, yaani takriban milimita 6, ndiyo inayotumika kwa mengi. Inafaa shati, blauzi, gauni na nguo za watoto, na inavumilia makosa madogo ya fundi. Miraba ya nusu inchi huanza kusema kwa sauti, na inapendeza kwenye sketi pana au gauni refu lenye eneo la kutosha kuionyesha. Miraba ya inchi moja ni ya mtu anayetaka kuonekana. Humpanua mvaaji kidogo, na humtaka fundi hodari, kwani kosa la mshono mmoja huonekana hata ng'ambo ya barabara.

Mtu mfupi au mwembamba humezwa na miraba mikubwa ikiwa nguo nzima ni ya drafti. Anaweza kuitumia kwenye sketi pekee na kuweka blauzi ya rangi moja juu. Mtu mwenye mwili mkubwa hana sababu ya kuikimbia drafti, kama watu wanavyopenda kumwambia. Achague robo inchi hadi nusu inchi, rangi iliyokolea, na nguo isiyombana, kwa sababu miraba inayonyooshwa na mwili hupinda na kuonyesha palipobana.

Ndipo rangi iingie. Nyekundu na nyeupe humkumbusha kila mtu kitambaa cha meza ya mgahawa, na buluu na nyeupe humkumbusha sare ya shule. Rangi hizo hazikatazwi, ila zinahitaji ukolevu wa kiutu uzima: nyekundu iliyokolea kuelekea damu ya mzee, au buluu ya usiku badala ya buluu ya anga. Kwa Dodoma napendelea zaidi kahawia, kijani cha majani makavu na haradali, kwa kuwa vumbi la rangi ya udongo halionekani upesi juu yake na rangi hizo hupendeza sana kwenye ngozi zetu. Drafti nyeusi na nyeupe huonekana safi na rasmi, lakini hutaka kufuliwa kila inapovaliwa.

Hatua ya tano: Nunua urefu wa kutosha na ukifue kitambaa kwanza

Drafti hula kitambaa kuliko rangi moja, kwa sababu fundi lazima asogeze vipande ili miraba ikutane. Kwa kitambaa chenye upana wa inchi 60, shati la mtu mzima la mikono mirefu kwa kawaida huhitaji takriban mita 2, na gauni la kupita magoti lenye mikono huhitaji mita 2.5 hadi 3. Kwa upana wa inchi 45 ongeza robo tatu ya mita au zaidi. Juu ya hesabu hiyo, ongeza nusu mita kwa ajili ya kulinganisha miraba. Ikiwa ni ya nusu inchi au inchi moja, usifanye ubahili kwenye nyongeza hiyo.

Kabla ya kukipeleka kwa fundi, kiloweke kitambaa kizima kwenye maji, kifue kwa sabuni kidogo, kianike kivulini na kukipiga pasi. Pamba mpya hupungua, na upungufu wa asilimia 3 hadi 5 ni wa kawaida. Kwenye mita 3 hiyo ni sentimita 9 hadi 15. Ukiruka hatua hii, gauni litapungua baada ya kushonwa, na mishono iliyokuwa imekutana itaanza kuvutana. Kuloweka huko pia kutakuonyesha kama rangi inachuja, jambo ambalo ni heri ulijue kwenye beseni kuliko kwenye nguo iliyokamilika.

Hatua ya sita: Zungumza na fundi kwa lugha ya miraba

Hapa ndipo nguo nyingi za drafti huharibikia, na kwa kweli ndipo panapotofautisha nguo inayoonekana ya thamani na inayoonekana ya haraka haraka. Fundi mwenye foleni ya sare za harusi hatalinganisha miraba asipoombwa, kwa sababu kazi hiyo huongeza muda. Mwombe kwa heshima, ukubali kumwongezea ujira, na umwambie waziwazi: «Fundi, naomba drafti zikutane kifuani, ubavuni na kwenye mfuko.» Maneno hayo matatu, kifuani, ubavuni na mfukoni, yanatosha kumjulisha kwamba utaikagua kazi.

Katikati ya mbele ndipo pa kuanzia. Mstari wa vifungo upite katikati ya safu moja ya miraba, iwe ya rangi au nyeupe, ili upande wa kulia na wa kushoto ufanane. Nguo inapofungwa, miraba ya upande wa juu ifunike ile ya chini bila kukatika. Baada ya hapo mgongo ulinganishwe na mbele kwenye mshono wa ubavuni, fundi akianzia kwenye pindo na kupanda juu. Ikiwa blauzi ina mkunjo wa kuchonga kifua unaotokea ubavuni, miraba italingana kuanzia pindo hadi kwenye mkunjo tu, na juu ya mkunjo itaachana kidogo. Hilo halina dawa na si kosa la fundi. Mikono ilinganishwe na kifua kwa upande wa mbele, kwa kuwa upande wa nyuma hauwezi kukutana pia. Ncha mbili za kola zifanane.

Njia salama ya kukata ni kutandaza kitambaa kikiwa tabaka moja, kukata kipande cha kwanza, kisha kukigeuza na kukilaza juu ya kitambaa kilichobaki hadi miraba yake izame ndani ya miraba ya chini isionekane ilipoanzia. Hapo kipande cha pili hukatwa kikiwa pacha wa kwanza. Fundi anayependelea kukata tabaka mbili kwa pamoja azibane kwa pini kwenye mistari, kila baada ya sentimita 10 hivi, kwani tabaka la chini huteleza. Kwa kuwa ginghamu ni sawa juu na chini, kulia na kushoto, vipande vinaweza kugeuzwa kichwa chini ili kubana matumizi. Madrasi na tartani nyingi haziruhusu hivyo, kwa sababu miraba yake ina mwelekeo.

Kuna mbinu ya mafundi wazoefu ninayoipenda sana, nayo ni kukata baadhi ya vipande kwa mshazari. Mfuko, kipande cha juu ya mgongo au ukanda wa vifungo ukikatwa kwa mshazari, miraba hugeuka kuwa almasi, na hapo hapana haja ya kulinganisha chochote, maana tofauti yenyewe ndiyo pambo. Ila kitambaa cha mshazari hunyooka, kwa hiyo vipande hivyo vipigwe gamu, yaani kitambaa cha kukazia, nyuma yake kabla ya kushonwa.

Kuhusu umbo la nguo, acha nafasi. Shati la kiume lizidi kipimo cha kifua kwa sentimita 10 hadi 15, na gauni lisibane kiunoni wala kwapani. Sketi ya marinda au ya kukusanya kiunoni huiacha miraba ikining'inia wima. Sketi ya solo, kwa kuwa hukatwa duara, huifanya miraba isimame wima mbele na kulala mshazari kuelekea ubavuni. Wengine huupenda mchezo huo, lakini ni vyema ujue mapema. Kwa ajili ya upepo, omba pindo pana la sentimita 5 au zaidi, kwa kuwa uzito wake huishikilia sketi chini, na urefu upite magoti. Kama kitambaa kilishindwa jaribio la kiganja, weka bitana, na bitana hiyo iwe ya pamba nyepesi. Bitana ya poliesta chini ya drafti ya pamba huondoa faida yote uliyoilipia.

Hatua ya saba: Ipange nguo na mahali unapokwenda

Kanuni ninayoishika ni kwamba drafti iwe moja tu mwilini, na vingine vyote vichukue rangi yao kutoka kwenye hiyo drafti au vibaki vya rangi ya udongo na ngozi. Kuchanganya drafti na kitenge chenye maua makubwa kunawezekana, lakini kunahitaji rangi moja inayofanana kabisa kati yao, na ukubwa wa maua uwe tofauti sana na ukubwa wa miraba. Asiye na uhakika aache.

Kwa ofisi za Serikali kule Mtumba, au ofisi yoyote inayofuata waraka wa Serikali kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, drafti ndogo ya milimita 3 hadi 6 ni ya heshima kabisa. Mwanamume avae shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa ya buluu ya usiku, kijivu au kahawia, tai ikihitajika iwe ya rangi moja. Mwanamke avae gauni la kupita magoti, au blauzi ya drafti ikichomekwa kwenye sketi ya rangi moja. Koti jepesi liwekwe kwenye kiti kwa ajili ya vyumba vyenye kiyoyozi.

Kwa ibada, gauni refu la drafti lenye mikono ni vazi tosha. Mwenye kuvaa hijabu au mtandio auchague wa rangi moja, ikiwezekana ile rangi ya katikati inayopatikana kwenye mraba uliofifia, kwa sababu rangi hiyo huunganisha uso na nguo bila kugombana na miraba.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetembea kutoka bweni hadi darasani juani, au mtu anayekwenda kupunga upepo Nyerere Square jioni, ana uhuru zaidi. Shati pana la drafti likivaliwa wazi juu ya fulana nyeupe hufanya kazi ya mwavuli mchana na ya sweta usiku hewa inapopoa. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana haionekani kuwa ya ziada kwenye drafti, na kikapu cha ukili huchukua nafasi ya mkoba. Miguuni, makubazi ya ngozi ya kahawia huvumilia vumbi kuliko raba nyeupe.

Kwa sherehe, watu hudhani drafti ni duni. Jibu lake liko kwenye kitambaa na mkato: pamba laini yenye miraba midogo, nyeusi au kijani kilichokolea, kola iliyosimama vizuri, vifungo vizuri na hereni za dhahabu. Kamati inayotafuta sare ya familia kwa ajili ya send-off ingeweza kuifikiria, kwa sababu babu, shangazi na watoto wote wanaweza kuivaa kwa mishono tofauti na bado wakaonekana wa nyumba moja.

Hatua ya nane: Tafuta mitumba kwa jicho la fundi

Mashati ya drafti ya pamba ni mengi kwenye mitumba, na baadhi yake yameshonwa kwa ustadi mkubwa. Angalia mshono wa ubavuni na mfuko. Miraba ikikutana, aliyeshona hakuwa na haraka, na huenda mishono mingine pia ni imara. Tazama mabega na sehemu ya ndani ya kola, ulinganishe na rangi iliyo chini ya kola: tofauti kubwa ina maana kwamba jua limekwisha kulila shati hilo. Kagua kwapa dhidi ya mwanga. Shati kubwa la kiume la miraba ya robo inchi linaweza kugeuzwa kuwa gauni la mtoto au blauzi ya kike, na kwa kuwa kitambaa chake kimekwisha kupungua, hakitakusumbua tena.

Hatua ya tisa: Fua, anika na upige pasi bila kuiua rangi

Nguo iliyojaa vumbi isiingizwe majini moja kwa moja, kwa sababu vumbi likilowa huwa tope na huingia kwenye nyuzi nyeupe. Ikung'ute kwanza nje, upande wa ndani na wa nje, ndipo uiloweke. Sehemu nyingi za Dodoma hutumia maji ya visima yenye chumvi, ambayo hukataa kutoa povu kwa sabuni ya mche na kuacha ukungu wa kijivu kwenye miraba myeupe. Sabuni ya unga huyavumilia zaidi maji hayo. Suuza mara mbili, na kwenye suuzo la mwisho tia vijiko vichache vya siki nyeupe kwa ndoo moja, ili kuondoa mabaki. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isikaribie drafti kamwe. Itaula mraba wa rangi na kuuacha wa njano.

Nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea zifuliwe peke yake kwa maji baridi mara chache za kwanza, na zisiachwe zimelowa na kukunjwa kwenye beseni, kwani hapo ndipo rangi huhamia kwenye nyeupe. Anika nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje, kivulini penye upepo. Kwa ukavu wa hewa ya Oktoba shati la pamba halitachukua muda mrefu, na jua kali halihitajiki.

Piga pasi nguo ikiwa na unyevu kidogo, ukisukuma pasi kwa kufuata mistari ya urefu au ya upana. Usisukume kwa mshazari, kwa sababu utavuta miraba na kuipindisha, hasa kwenye pindo na kola.

Mabaki ya kitambaa yaliyotoka kwa fundi usiyatupe. Kata kipande cha ukubwa wa viganja viwili, na uwe unakifua na kukianika pamoja na nguo yenyewe kila mara, ili vipauke kwa pamoja. Siku nguo itakapochanika kwenye msumari wa benchi au mlango wa daladala, kiraka kilichotolewa kwenye kipande hicho, kikilazwa miraba juu ya miraba na kushonwa kwa mkono kwa kufuata mistari, hakitaonekana isipokuwa kwa aliyekishona.